Machela Imesingiziwa

Ukitaka kuchekwa na wapenda kambi, waambie unakwenda kulala kwenye machela huko Lushoto mwezi wa Julai. Wa kwanza atakwambia machela ni ya pwani, ya kufungwa kati ya minazi miwili pale Paje mtu asinzie baada ya chakula cha mchana. Wa pili atakukumbusha kuwa milimani machela ni ya kuteremshia mgonjwa hospitali, kwa hiyo unajitakia. Wa tatu, huyu mwenye huruma, atakushauri uongeze blanketi. Wote watatu wamekosea, na mwenye huruma ndiye aliyekosea zaidi, maana ushauri wake unafanana na busara na watu wanaufuata.

Dai lenyewe ni hili: machela ni kitanda cha nchi ya joto, na penye baridi mtu mzima analala chini, ndani ya hema. Anayelitoa mara nyingi ana ushahidi wake mkononi. Alijaribu. Alifunga machela ya nailoni kwenye misonobari ya Mufindi au mikaratusi ya Limuru, akaingia na mfuko wa kulalia ambao muuzaji alimwapia kwamba unahimili theluji ya Ulaya, na saa tisa usiku alikuwa macho, meno yanagongana. Kulipokucha akaapa kwamba hatarudia. Simwiti mwongo. Baridi aliipata, tena ya kweli. Ninachokataa ni hukumu aliyoitoa asubuhi ile, akiwa amekasirika na hajanywa chai.

Muulize swali moja tu: baridi ilikushika wapi? Hatagusa kifua. Atapeleka mkono nyuma, kiunoni, kisha kwenye makalio na nyuma ya mabega. Kila niliyemuuliza amejibu hivyo hivyo, na bado wengi wao wakitoka hapo huenda dukani kutafuta kitu kinene zaidi cha kujifunika juu.

Mfuko wa kulalia haupashi mtu moto. Blanketi nalo halipashi. Joto linatoka mwilini, na mwili uliolala hutengeneza joto kidogo kuliko ulio macho. Kazi ya blanketi, sweta na mfuko ni kuishika hewa isitembee, kwa sababu hewa iliyotulia ni kizuizi kikubwa cha joto. Manyoya laini ya bata hayana siri nyingine: yanavimba, yanafunga hewa katikati yake, basi. Sasa mweke mtu wa kilo 70 juu ya manyoya hayo. Yanalala bapa. Hewa yote inatoka, na unene wa vidole vitatu unabaki unene wa shati. Chini ya hapo kuna nailoni nyembamba, na chini ya nailoni kuna upepo wa Julai unaopita bila kizuizi. Kwa upande wa mgongo mtu huyo amelala uchi, hata ukimrundikia mablanketi kumi kifuani.

Hakuna mama atakayetoboa kitako cha hotipoti, apakue wali humo, kisha akimbilie kuongeza vitambaa juu ya kifuniko ili wali usipoe. Lakini ndivyo tunavyoshauriana kila mwaka kuhusu machela.

Kijana mmoja tuliyepiga naye kambi pembezoni mwa msitu wa Magamba aliibishia hoja hii mpaka kuni zikaisha. Alipanda na mablanketi matatu, mawili yake na moja la kuazima, akajiviringisha mpaka ikabaki pua. Usiku wa manane nikamsikia anajigeuza. Nikamwuliza, "Vipi, mdogo wangu?" Akanijibu, "Kaka, mgongo." "Na kifua?" "Kifua kinatoka jasho." Nikapitisha kiganja chini ya machela yake, usawa wa kiuno, bila kugusa nailoni. Palikuwa na joto. Pumzi zetu zilikuwa zinaonekana kwenye mwanga wa tochi, lakini pale chini kiganja changu kilikuwa kinapata moto, moto ambao mwili wake ulikuwa umeutengeneza kwa ugali wa jioni na sasa unaumwagia majani. Nikahamisha kiganja juu ya blanketi la kifuani: baridi tupu, hakuna kinachovuja. Lile la juu kabisa, la kuazima, halikuwa na kazi yoyote pale lilipo. Tulilitoa, tukalipitisha kwa nje chini ya machela, tukalifunga kamba kwenye ncha mbili mpaka likamgusa mgongo bila kumbana. Alilala. Blanketi ni lile lile na machela ni ile ile. Kilichobadilika ni upande.

Wakili wa hema sasa anasimama. Hema, anasema, lingemwepusha na haya yote. Lingemwepusha na nini? Hema ni kitambaa. Linazuia upepo na mvua na linatunza joto kidogo la pumzi, na kazi hiyo linaifanya vizuri, lakini kuhusu mgongo halisemi neno. Ardhi, hasa udongo wenye unyevu, inanyonya joto la mwili kwa kugusana nao, na haichoki. Ndiyo maana kampuni zinazopandisha wageni Kilimanjaro humbebea kila mgeni godoro lake la kambi. Hakuna mwongozaji atakayemlaza mteja kwenye mchanga mtupu wa Shira, kisha mteja akitetemeka aseme hema halifai kwenye baridi. Tungesema godoro limesahaulika. Lakini mtu akilala kwenye machela bila kitu cha chini, akatetemeka, tunasema machela haifai. Kosa ni moja, hukumu mbili.

Tena ningependa wakili huyu anionyeshe mahali pa kulisimamisha hema lake katika nusu ya milima yetu yenye misitu. Usambara ni miteremko. Uwanda wa kutosha mtu kunyoosha miguu, kama upo, basi ni shamba la mtu au ni njia ya maji, na maji hayajali kwamba ulifika kwanza. Machela haihitaji uwanda. Inahitaji miti miwili iliyosimama imara, na kati yake kunaweza kuwa na mawe, mizizi, tope au mteremko wa kuteleza. Siafu nao huwa hawapigi hodi kwenye zipu ya hema. (Kwenye mti pia wanapanda, nakubali, lakini ni nadra wakute sababu ya kupanda.)

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kusema kitanda hiki kwa asili yake hakijui baridi. Asili yake ni joto kweli. Columbus aliwakuta nacho Wataino wa visiwa vya Karibi mwaka 1492, na kule hakuna baridi ya kusimulia. Lakini historia haikuishia ufukweni. Mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza walilala kwenye machela kwa zaidi ya karne tatu, na hawakuwa wanaishi kwenye maji ya moto peke yake. Walikaa na meli zao Bahari ya Kaskazini, walikaa Baltiki. Kila mmoja alipewa nafasi ya inchi 14 kwa upana, ambayo ni kama sentimita 36, na ndani ya machela yake ya turubai alitandika kigodoro chembamba kabla ya kuvuta blanketi. Kigodoro kile ndicho jibu. Mbishi atasema walikuwa tumboni mwa meli, wamebanana, upepo hauwafikii. Hasa! Mgongo umetandikiwa na upepo umezuiwa. Hayo mawili yakitimia, machela haina ubishi na kipimajoto. Leo wako Wamarekani wanaotembea njia ya Appalachia, kilomita zaidi ya 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, wanaolala hewani hata maji ya chupa yanapoganda, na hawalali humo kwa sababu ya ushujaa.

Wanachotumia ni mfarishi wa chini, na uzuri wake wote umo katika jambo moja: haulaliwi. Unaning'inia nje ya machela, chini ya mgongo, umejaa hewa yake yote kwa kuwa hakuna uzito unaoukandamiza. Huko kwao unauzwa bei ya kumtia mtu homa, na hapo ndipo wabishi wetu wa nyumbani hupata hoja nyingine, kwamba haya ni mambo ya Wazungu na pesa zao. Nendeni Gikomba. Nendeni Memorial pale Moshi. Mifarishi ya poliesta imelala kwenye mafungu ya mitumba, wenye nyumba wanaipita wakitafuta mapazia. Chagua uliovimba sawasawa, usio na mabonge. Mpelekee fundi cherehani, mwambie apunguze upana ubaki kama mita moja na robo, kisha akunje pindo pande zote nne na kuacha njia ya kupitisha kamba. Kwenye pande ndefu pitisha kamba ya kawaida, ile itakayobeba. Kwenye ncha, kichwani na miguuni, pitisha lastiki ili uweze kuzikaza. Urefu usikupe shida: kutoka mabegani hadi magotini panatosha, na miguu unaiwekea sweta lililokunjwa. Poliesta ni nzito kuliko manyoya ya bata, lakini kwenye ukungu wa Usambara au Rungwe naichagua hiyo bila kufikiri mara mbili. Manyoya yakilowa yanasinyaa, na yakisinyaa hayana tofauti na kubeba mfuko mtupu.

Kuufunga ndiko kunakowashinda wengi, na hapa ndipo wanaojaribu nusu nusu wanapopata ushahidi mpya wa kuisingizia machela. Ukikaza mno, mfarishi unabanwa na kitambaa na unarudi kule kule kwenye unene wa shati. Ukilegeza mno, unabaki mfereji wa hewa kati yake na machela, upepo unaingilia miguuni na kutokea mabegani, na utadhani hukuweka kitu. Panda kabla giza halijaingia, lala unavyolala usiku, kisha mwenzako apitishe mkono kati ya machela na mfarishi. Mkono wake unatakiwa ukuguse mgongo bila kulazimisha. Akikuta nafasi ya ngumi, kaza tena kamba. Akishindwa kupitisha, legeza. Kisha kaza lastiki za ncha, maana hewa nyingi inatorokea huko. Dakika chache za kazi hii zina faida kuliko blanketi lolote utakalobeba.

Asiyetaka mambo ya fundi ana njia ya mkeka wa mazoezi, ule wa sponji ngumu ambao watu wa mijini hujinyooshea. Unaweka ndani ya machela na kulala juu yake. Unafanya kazi, kwa sababu vipovu vyake vimezibwa na havikandamiziki kirahisi. Usiuchanganye na sponji laini ya godoro, ile inalala bapa na kunywa maji. Ubaya wa mkeka ni kuteleza usiku, na machela kwa vile inakumbatia mabega huyaacha nje ya mkeka mwembamba. Kipande kingine kilichowekwa kukingamana usawa wa mabega kinamaliza shida hiyo. Karatasi ya nailoni au turubai lililobandikwa moja kwa moja chini ya mgongo ndilo nisilolishauri: mvuke wa mwili unagandia humo, na alfajiri unaamka umelowa kwa jasho lako mwenyewe.

Jinsi ya kulala nayo ina neno lake. Ukilala sambamba na kamba unajikunja mfano wa ndizi, na hakuna mfarishi utakaoufuata mkunjo huo vizuri. Funga machela ikiwa imelegea, kamba zishuke kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi kama 30, kisha lala mshazari, kichwa upande huu na miguu upande ule. Mwili unanyooka karibu kama kitandani. Wanaokaza machela mpaka inalia kama zumari wanaumia migongo halafu wanatuletea malalamiko.

Mahali pa kufunga pia panaamua usiku wako. Watu hukimbilia bondeni kwa kuogopa upepo, wakati hewa baridi ni nzito na usiku mtulivu hushuka kujikusanya huko huko bondeni. Kitulo na Kinangop hushikwa na jalidi, na mkulima wa viazi wa Kinangop atakuonyesha kwa kidole ni shamba gani huungua kwanza: la chini. Panda mteremko kidogo, upande uliokingwa na upepo. Turubai lifunge chini, kingo zake zikaribie kingo za machela, na upande upepo unakotokea ulishushe hadi karibu na ardhi. Ukilifunga juu kama la harusini, limekukinga na mvua ya wima tu, na milimani mvua ya wima ni adimu.

Naomba nichelewe kidogo kwenye jiko, kwa sababu hapa ubishi wa kambi unageuka msiba. Kila msimu wa baridi, Kenya na Tanzania, tunasikia habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Mkaa unapoungua pasipo hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishikiza kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu haamki kukohoa. Anazidi kulala. Na wapo vijana wanaofanya hivyo hivyo ndani ya hema, wamefunga zipu mpaka juu, kwa sababu walilala chini bila godoro la maana na wameambiwa hema ndiyo nyumba. Ikiwa hofu ya baridi ya mgongo ndiyo inayompeleka mtu kuleta jiko kitandani, basi kumficha dawa ya mgongo si utani tena. Kwenye machela jiko halina pa kuingia hata ukitaka, na naliona hilo kuwa sifa. Moto uote kabla ya kulala, mbali na nailoni, kisha uuzime.

Pombe kali nayo iache. Inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, mtu anahisi amepata moto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka kwa kasi. Bora chakula chenye mafuta, soksi kavu zilizotengwa kwa ajili ya kulalia tu, na kofia. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara, ikaviringishwa kitambaa na kuwekwa mapajani, inafanya kazi kubwa hadi usiku wa manane. Wala usivae kila ulichonacho saa mbili usiku. Utatoka jasho, na baridi yenyewe hasa inakuja karibu na alfajiri, saa kumi na saa kumi na moja, ikikukuta umelowa.

Wapinzani wangu wana haki mahali pamoja, na sitawanyima. Machela inataka miti. Kilimanjaro ukishapita kambi ya Machame, kwenye mita 2,800 na kitu, msitu unakuacha; na Barafu, mita zaidi ya 4,600, hata kichaka cha kufungia mbuzi hukipati. Huko hema halina mpinzani, na anayepanda na machela kwenda Barafu amebeba shuka. Lakini Watanzania na Wakenya wangapi wanakwenda Barafu mwishoni mwa juma? Wengi wetu baridi tunayokutana nayo ni ya Lushoto, Njombe, Mufindi, Limuru, Nyahururu: nchi ya miti, ya mteremko, ya ukungu na mvua ya rasharasha. Tumechukua sheria ya kileleni tukaileta msituni, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Hoja ya pili yenye uzito ni ya walinzi wa misitu, kwamba kamba zinachubua miti. Zinachubua kweli, zikiwa za katani au za manila nyembamba. Mkanda mpana wa sentimita tano unaugawa uzito na hauachi jeraha kwenye gome la mti mkubwa. Hata hivyo ninaelewa mlinzi ambaye hawezi kumkagua kila mgeni kamba yake, na maeneo mengine hayaruhusu kabisa kufunga kitu mtini. Basi wanaosimamia maeneo ya kambi za nyanda za juu, za serikali na za watu binafsi, wachimbie nguzo. Nguzo mbili za mkaratusi zilizokomaa, mita nne hadi tano kati yake, zizamishwe mita moja ardhini na kushindiliwa mawe. Ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kujenga banda, na hazihitaji kusawazisha kilima. Na pale kaunta, mgeni anapokodishwa hema pamoja na godoro lake bila kuulizwa, anayekuja na machela aulizwe kama amebeba mfarishi wa chini, na kama hana, naye akodishwe.